Kasiksi ya mzazi: kinachotokea mama anayenyonyesha akinywa pombe

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwanamke akijifungua, wageni hawaji mikono mitupu. Huyu analeta sabuni, yule kitenge, mwingine kuku aliyefungwa miguu, na kutoka Kabare au Idjwi hufika bidoni (dumu) ya kasiksi, pombe ya ndizi. Kikombe cha kwanza mara nyingi anapewa mzazi mwenyewe. "Kunywa, mwanangu, maziwa yashuke," anasema mama mkwe, naye mzazi anaitikia, "Ndiyo, mama," kwa sababu anayempa kikombe ni mtu aliyelea watoto wake wote na kwa hakika anamtakia mema. Siku chache baadaye, kwenye kituo cha afya, muuguzi anamwambia mzazi huyohuyo asiguse pombe hata tone, la sivyo ubongo wa mtoto utaharibika. Akirudi nyumbani, jirani anamtuliza: kunywa tu, ukimaliza kamua maziwa ya kwanza uyamwage, yanayofuata ni safi.

Mzazi mmoja, mashauri matatu, na yote hayawezi kuwa kweli. La mama mkwe linakwenda kinyume na kinachotokea mwilini. La jirani nalo ni kosa. La muuguzi limeelekea mahali sahihi, lakini likisemwa kwa ukali wa namna hiyo linaweza kumtia mama hofu hadi akamwachisha mtoto ziwa, na katika mji wetu hilo ni hatari kuliko kikombe chenyewe. Ndiyo maana jambo hili linastahili kuelezwa taratibu, kwa vipimo, badala ya kumalizwa kwa "kunywa" au "usinywe".

Pombe inavyofika kwenye maziwa

Pombe ikiingia tumboni haisubiri kusagwa kama bugali. Inapenya kuta za tumbo na utumbo, inaingia kwenye damu, na damu inaisambaza kila mahali penye maji mwilini. Chembe zake ni ndogo mno na zinachanganyika na maji bila shida, kwa hiyo hakuna ukuta wa kuizuia kati ya damu na sehemu za ziwa zinazotengeneza maziwa. Inavuka kwenda, na inavuka kurudi. Kiasi kilichomo kwenye maziwa kwa saa yoyote kinakaribia sana kiasi kilichomo kwenye damu ya mama saa hiyohiyo.

Kilele hufika kati ya dakika 30 na 60 baada ya kunywa. Mama akiwa amekula, kilele huchelewa, hata kufikia dakika 90, na huwa chini kidogo. Baada ya hapo ini linaivunja pombe polepole kwa mwendo wake lenyewe. Kahawa haiuharakishi mwendo huo, maji baridi hayauharakishi, kuoga hakuuharakishi, na kukamua maziwa pia hakuuharakishi.

Hapo ndipo shauri la jirani linapoanguka. Ziwa si bidoni ambayo ukimwaga kilichochafuka utajaza kilicho safi. Damu ikiwa bado na pombe, maziwa mapya yatakuwa na pombe pia. Damu ikishasafika, hata yale yaliyokuwa ndani ya ziwa husafika, kwa sababu pombe hurudi kwenye damu ilikotoka. Hakuna tone linalohitaji kumwagwa isipokuwa kama ziwa limejaa hadi linauma na saa ya kunyonyesha bado haijafika. Hapo mama akamue apate nafuu na ziwa lisilale, yaani lisipunguze maziwa. Lakini asidhani kwamba kwa kukamua ameifukuza pombe. Kinachoifukuza ni saa.

Hesabu ya chupa moja

Saa ngapi? Hapa mashauri mengi yanayotoka nje huwapoteza wasomaji wa huku. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia magonjwa, inasema kutokunywa kabisa ndiko kuliko salama zaidi kwa mama anayenyonyesha, lakini kinywaji kimoja kwa siku hakijulikani kumdhuru mtoto, hasa mama akisubiri angalau saa 2 kabla ya kunyonyesha. Mama wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, akisikia "kinywaji kimoja" ataelewa chupa moja, kwa sababu kwetu ndivyo inavyohesabiwa. Kwa Wamarekani, kinywaji kimoja ni gramu 14 za pombe halisi.

Chukua chupa ya bia ya Primus inayouzwa kwenye nganda (baa) zetu. Ina sentilita 72, na pombe yake ni asilimia 5. Hiyo ni mililita 36 za pombe, ambazo uzito wake ni kama gramu 28. Chupa moja ya kwetu, kwa hiyo, ni vinywaji viwili vya kwao. Pombe ya kinywaji kimoja huweza kukaa kwenye maziwa saa 2 hadi 3, ya viwili saa 4 hadi 5, ya vitatu saa 6 hadi 8, na mama mwenye mwili mdogo huhitaji muda mrefu zaidi. Aliyemaliza chupa moja saa moja jioni asitegemee maziwa yasiyo na pombe kabla ya saa tano au saa sita usiku. Na mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, yaani kila baada ya saa mbili au tatu. Katika muda huo wa kusubiri atakuwa amelilia ziwa mara moja au mbili.

Kasiksi haina hata karatasi ya kutuambia asilimia. Ndizi zimeivishwa, zimekamuliwa, maji yake yamechanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yameachwa yachachuke. Ya leo ni tamu, ya kesho ni kali, na ya mpishi huyu haifanani na ya yule. Juisi ya ndizi iliyokamuliwa sasa hivi haina tatizo lolote. Ileile baada ya siku tatu ni pombe kamili, na kwenye kikombe huwezi kujua kwa macho imefika wapi. Kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ndiyo inayotisha zaidi. Kwa kuwa imechemshwa na mvuke wake ukakingwa, inaweza kufika asilimia 40 na kupita. Kikombe kidogo cha sentilita 10 cha kanyanga ya namna hiyo kina gramu 32 hivi za pombe, zaidi ya chupa nzima ya Primus, na mtu hukimaliza kwa mafunda matatu.

Sasa tutazame upande wa mtoto, kwa haki. Mama wa kilo 60 aliyekunywa ile chupa ya bia, damu yake inaweza kufika karibu gramu 0.7 za pombe kwa lita moja. Maziwa yake yatakuwa hivyohivyo. Mtoto akinyonya mililita 100 wakati wa kilele atapata gramu 0.07. Linganisha na gramu 28 alizokunywa mama. Ni kiasi kidogo mno, na mama ambaye alikunywa glasi moja kwenye harusi kisha akanyonyesha hana sababu ya kukesha akilia kwamba amemuua mwanawe. Hajamwua. Nasema hivi wazi kwa sababu hofu hiyo ipo, na kuna wanawake wanaoibeba kimyakimya kwa miezi.

Lakini mambo mawili yanazuia hesabu hiyo isiwe ruhusa. La kwanza, ini la mtoto mchanga halijakomaa; linaondoa pombe kwa takriban nusu ya kasi ya mtu mzima. La pili, hesabu hii ni ya chupa moja, siku moja. Chupa tatu, au kanyanga kila jioni, ni habari nyingine, na tutaifikia.

Kuna jambo la tatu ambalo halitokani na maziwa. Wako wanaomtia mtoto kasiksi mdomoni moja kwa moja, kwa kidole au kwa kijiko, ili alale au minyoo itulie. Kijiko kimoja kikubwa, mililita 15, cha kasiksi yenye asilimia 5 kina gramu 0.6 za pombe. Ni zaidi ya mara nane ya kile ambacho mtoto angekipata kwa kunyonya mililita 100 za maziwa ya mama aliyemaliza chupa. Tena pombe huweza kushusha sukari ya damu ya mtoto mdogo hadi akalegea na kupata degedege. Mtoto anayeonekana amelala usingizi mzito baada ya kijiko hicho huenda hajalala, bali anazimia. Katika mambo yote yaliyomo kwenye makala hii, hilo ndilo ambalo halina "labda". Lisifanyike.

"Maziwa yashuke"

Imani kwamba pombe huleta maziwa si ya Wabashi, kabila la huku kwetu, peke yao. Vijijini Mexico wanawake wanaonyonyesha wamekuwa wakipewa pulque, pombe ya mmea wa agave. Marekani, mwaka 1895, kiwanda cha bia cha Anheuser-Busch kilitoa kinywaji cha malti kilichoitwa Malt-Nutrine, ambacho kiliuzwa kama dawa ya kuwapa nguvu wagonjwa na kina mama wanaonyonyesha. Watu wa mbali, wasiojuana, wakaamini jambo moja. Lazima kuna kitu walichokiona.

Walichokiona kina sehemu mbili. Shayiri, nafaka ambayo hutengenezewa bia, ina kitu kinachoweza kupandisha prolaktini, homoni inayouamuru mwili kutengeneza maziwa. Kitu hicho kimo hata kwenye bia isiyo na pombe kabisa. Sifa ya nafaka ikapewa pombe. Sehemu ya pili ni siku zenyewe. Kondo la nyuma likishatoka, homoni ya projesteroni huanguka ghafla, na mwanguko huo ndio unaofungulia maziwa mengi. Hutokea kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kujifungua, mama awe amekunywa au hakunywa. Na wageni wanafika lini na bidoni yao? Siku hizohizo. Mzazi anapewa kikombe jioni, asubuhi ziwa limejaa, na kila aliyekuwepo ana ushahidi wake wa macho. Mama mkwe hadanganyi. Ameliona jambo likitokea kwa kila mzazi aliyemhudumia, isipokuwa hakupata nafasi ya kumwona mzazi ambaye hakupewa kikombe.

Wanasayansi walipopima waliona kinyume. Julie Mennella na Gary Beauchamp, watafiti wa Philadelphia, walichapisha mwaka 1991 utafiti uliolinganisha watoto walewale katika siku ambayo mama alikunywa kiasi kidogo cha pombe na siku ambayo hakunywa. Baada ya pombe, harufu ya maziwa ilibadilika, watoto walivuta kwa bidii mwanzoni, lakini kwa jumla walipata maziwa machache zaidi, pungufu kwa karibu asilimia 20 katika saa zilizofuata. Kina mama wenyewe hawakugundua tofauti.

Mwaka 2005 Mennella na wenzake walionyesha sababu yake. Walipima homoni za wanawake 17 wanaonyonyesha. Baada ya pombe, prolaktini ilipanda sana, lakini oksitosini ilishuka kwa asilimia 78 hivi. Hizi homoni mbili zina kazi tofauti. Prolaktini hutengeneza maziwa. Oksitosini huyasukuma nje: mtoto akianza kuvuta, ndiyo inayobana vifuko vidogo ndani ya ziwa ili maziwa yatiririke, ule msisimko ambao kina mama wengi wanaujua, ziwa moja likinyonywa na la pili linaanza kudondoka. Pombe ikiishusha oksitosini, maziwa hayakosekani, yanakwama. Ziwa linabaki limejaa, mama anahisi uzito kifuani na kuwaza kwamba kikombe kimefanya kazi, huku mtoto akivuta na kupata kidogo. Na ziwa ambalo halikamuliwi vizuri siku baada ya siku hupunguza utengenezaji wake lenyewe.

Kama nia ni maziwa mengi, njia zinajulikana na hazina gharama kubwa: mtoto awekwe ziwani mapema na mara nyingi, usiku pia, amalize upande mmoja kabla ya kuhamia wa pili, mama anywe maji kila akisikia kiu, ale, alale. Uji wa mtama wenye soya, sombe (majani ya muhogo), sambaza (samaki wadogo), maharage. Mtu anayetaka kumheshimu mzazi kwa kinywaji cha asili anaweza kumletea uji huo wa moto, au juisi ya ndizi kabla haijachachuka. Heshima haipungui.

Mtoto anayekua

Swali ambalo kila mzazi huuliza ni hili: je, mtoto atakuwa mjinga? Wanaojibu kwa neno moja wanaruka sehemu ngumu.

Kwanza tutenganishe mimba na kunyonyesha. Katika mimba, pombe ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na mtoto hupata kiasi kinachokaribia kile cha damu ya mama, wakati viungo vyake vinajengwa. Hapo madhara yamethibitika bila shaka: sura inayobadilika, ukuaji uliodumaa, ubongo wenye ulemavu wa maisha yote. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama katika mimba. Kwenye kunyonyesha, tumeshaona, kiasi kinachomfikia mtoto ni kidogo mara nyingi zaidi. Mtu anayechukua madhara ya mimba na kuyahamishia kwenye kunyonyesha jinsi yalivyo anakosea.

Kilicho wazi kwenye kunyonyesha ni usingizi. Mennella na mwenzake walichapisha mwaka 1998 kwamba watoto waliopewa maziwa yenye pombe kidogo walilala dakika 57 hivi katika saa tatu na nusu zilizofuata, badala ya dakika 78. Watoto wanaopewa kasiksi ili walale wanapata usingizi uliokatika. Na usingizi wa mtoto mchanga una kazi; ubongo, ambao kufikia umri wa miaka miwili huwa umefikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wake wa utu uzima, hufanya sehemu kubwa ya ujenzi wake wakati huo.

Kuhusu ukuaji wa muda mrefu, tafiti zimegongana, na mgongano wenyewe unafundisha. Mwaka 1989 Ruth Little na wenzake, Marekani, walipima watoto 400 wa mwaka mmoja. Wale ambao mama zao walikunywa kila siku wakati wa kunyonyesha walikuwa nyuma kidogo katika kutumia viungo: kukaa, kutambaa, kushika. Katika akili hawakuona tofauti. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na maonyo mengi tunayoyasikia kliniki yana asili hapo. Mwaka 2002 mtafiti huyohuyo alirudia kazi hiyo Uingereza, kwa watoto 915 wa miezi 18, na hakuiona tena tofauti ya viungo. Alichapisha matokeo hayo yaliyopingana na yake ya kwanza, na hilo linamfanya aaminike zaidi.

Kisha mwaka 2018, Australia, Louisa Gibson na Melanie Porter walichambua taarifa za watoto wapatao 5,000. Watoto walionyonyeshwa na mama waliokuwa wakinywa walipata alama za chini kidogo katika jaribio la kufikiri kwa michoro wakiwa na miaka 6 na 7, na kadiri mama alivyokunywa zaidi, alama zilishuka zaidi. Miongoni mwa watoto ambao hawakunyonyeshwa, unywaji wa mama haukuwa na uhusiano huo, jambo linaloelekeza kidole kwenye maziwa yenyewe na si kwenye hali ya nyumba tu. Walipofika miaka 10 na 11, tofauti hiyo haikuonekana tena.

Mbona hatupati jibu moja? Kwa sababu hakuna mtafiti mwenye utu atakayewagawa wazazi makundi mawili na kuliamuru moja linywe kwa mwaka mzima. Inabidi kuwauliza kina mama walikunywa kiasi gani, na wengi hupunguza wanapojibu. Aliyekunywa akinyonyesha mara nyingi alikunywa na mimba pia. Na nyumba yenye pombe nyingi mara nyingi ina mambo mengine: chakula haba, ugomvi, mama mwenye huzuni. Kuchambua kila kimoja ni kazi ngumu.

Picha huwa kali zaidi tunapohama kutoka kwa wanaokunywa kidogo kwenda kwa wanaokunywa sana. Jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, ambako kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba ya zabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, Philip May na wenzake walichapisha mwaka 2016 kwamba watoto walionyonyeshwa na mama waliokuwa wakinywa walikuwa, wakiwa na miaka 7, na uzito mdogo na alama za chini za lugha, hata baada ya kuhesabu pombe ya mimba. Mexico pia, watoto wa kina mama waliokunywa pulque nyingi wakinyonyesha walikua polepole kwa uzito na kwa urefu. Nadhani mifano hii miwili inatuhusu kuliko ya Uingereza. Ni watu wa mashamba, pombe ya kienyeji, chakula kisichotosha, na kikombe kinachochukua nafasi ya mlo. Na kwenye vitabu vya madaktari kuna kisa cha mwaka 1978 cha mtoto wa miezi minne aliyevimba uso na kunenepa huku urefu ukisimama. Mama yake alikuwa akinywa angalau makopo 50 ya bia kwa wiki, na pombe kali juu yake. Alipoacha, akiendelea kunyonyesha, mtoto alirudi katika hali yake.

Ninavyoyasoma yote haya, kikombe kimoja cha mara moja moja hakijaonyeshwa kumharibu mtoto. Pombe ya kila siku haina haki ya kuitwa salama. Pombe nyingi inamdhuru, na haimdhuru kwa njia ya maziwa peke yake.

Kitanda

Hatari kubwa kuliko zote ya mama aliyelewa haimo kwenye ziwa. Nyumba nyingi za Kadutu, Bagira na hata Ibanda, mama, mtoto na pengine mtoto mkubwa hulala kitanda kimoja. Mama ambaye hajanywa hujua mtoto alipo hata akiwa usingizini. Hugeuka kwa uangalifu, huamka kwa kikohozi kidogo. Pombe huizima kengele hiyo. Watoto hufunikwa pumzi na mwili wa mtu mzima, na blanketi, na godoro laini, na asubuhi watu husema ni uchawi au ni kazi ya Mungu. Ni jambo la kutisha, na ndilo linalozuilika kwa urahisi kuliko yote: usiku ambao mama amekunywa, au baba amekunywa, mtoto asilale kati yao. Alale pembeni, kwenye mkeka wake au kwa shangazi ambaye hajanywa. Baba anatajwa hapa kwa makusudi. Maziwa hayamhusu, kitanda kinamhusu.

Mchana nako kuna mengine. Mama mwenye pombe kichwani huchelewa kuona kwamba mtoto ana homa, huchelewa kusikia njaa yake, hupika na mtoto mgongoni karibu na makaa. Anayepika kanyanga kwa kuuza, akiionja kila pipa huku mtoto amefungwa mgongoni, yuko katika hatari hizo zote kwa pamoja, na kazi hiyo ndiyo inayolipa ada za shule za wakubwa. Kumwambia "acha" bila kuzungumzia atakula nini si ushauri.

Ziwa lisiachwe

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Kwetu ushauri huo una uzito wa pekee. Kipindupindu hakiondoki Kivu Kusini, maji ya bomba hukatika, na kopo la maziwa ya unga ni ghali kiasi kwamba wengi huyazimua kwa maji mengi ili yafike mwisho wa wiki. Mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama alikunywa chupa Jumapili, akapewa maziwa mepesi kwenye chupa isiyochemshwa, amehamishwa kutoka hatari ndogo kwenda hatari kubwa. Hilo muuguzi anapaswa kulisema pamoja na onyo lake, kila mara.

Kwa siku ambayo mama anajua atakunywa, kama kwenye ndoa au kilio, anyonyeshe kwanza hadi mtoto ashibe, ale chakula, ndipo anywe, na iwe kidogo. Anaweza kukamua mapema kwenye kikombe kilichochemshwa. Maziwa hayo hukaa hadi saa 4 mahali pa kivuli bila friji, na mtoto hupewa kwa kikombe, hata mchanga hunywea hivyo. Kisha ahesabu saa tangu alipomaliza, kwa ile hesabu ya chupa moja saa 4 hadi 5. Mtoto akiwa wa wiki chache, hesabu hiyo karibu haiwezekani, na jibu la busara ni kuacha kikombe kipite hadi atakapokua. Mtoto akilia kwa njaa na maziwa ya kikombe hayapo, mama aliyekunywa kidogo na bado ana akili zake timamu amnyonyeshe. Aliyelewa asimshike mtoto. Mwingine amlete ziwani na kukaa naye, au wasubiri.

Mzazi mwenyewe mara nyingi hana nguvu ya kukataa kikombe mbele ya wakubwa. Mume anayo. "Mama, tunashukuru kwa kasiksi, wageni watainywa, huyu tumletee uji," ni maneno ambayo mtoto wa kiume anaweza kumwambia mama yake bila kumvunjia heshima, na yakitoka kwake yanasikika.

Wapo pia ambao kwao si suala la sherehe. Mji huu una wanawake waliokimbia vita, waliozika, waliofanyiwa yasiyosemeka, na ambao bila kanyanga hawapati usingizi. Mama anayekunywa sana kila siku asiache kwa ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea huweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyopo na hata kupata degedege ndani ya siku mbili au tatu za kwanza, na watu wamekufa kwa hilo. Aende kituo cha afya, aseme idadi ya kweli ya vikombe, asimamiwe. Bukavu kuna kituo cha SOSAME kinachotibu magonjwa ya akili na uraibu, na muuguzi wa kituo cha mtaa anaweza kumwandikia karatasi ya kupelekwa huko, yeye na mtoto wake anayenyonya.